Kialbania na Kiromania: Ndugu wa Tumbo Moja au Majirani wa Zizi Moja?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi katika jiko la hoteli mjini Bari, kusini mwa Italia. Katika zamu yangu yumo mama mmoja kutoka Albania na kijana mmoja kutoka Romania. Wao kwa wao huzungumza Kiitaliano, kwa sababu hakuna anayeielewa lugha ya mwenzake, lakini mimi nikiwasikiliza kila mmoja anapoongea na jamaa zake kwa simu nasikia maneno yanayofanana mno. Chakula kikiwa tayari mama husema “gati”, kijana husema “gata”. Shingo kwa mama ni “qafë” na kisogo kwa kijana ni “ceafă”, na matamshi ya yote mawili yanakaribia “chafa”. Mdomo kwa mama ni “buzë”, kwa kijana ni “buză”. Nilipowauliza, kijana alisema kwamba Kiromania ni Kilatini, na mama akasema kwamba Kialbania ni lugha ya Wailiria wa kale na haina ndugu duniani. Sasa maneno haya ya pamoja yametoka wapi, na Kialbania chenyewe asili yake ni ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wote wawili wana haki katika waliyoyasema, ila wamekupa majibu mawili ya maswali mawili tofauti, na lako ni la tatu. Nitaanza na la mama, kwa kuwa bila kukifahamu Kialbania hatutaelewa kinachofanya neno lake likae kinywani mwa Mromania.

Kialbania ni lugha ya Kiindo-Ulaya, yaani imo katika familia ile kubwa yenye Kigiriki, Kihindi, Kirusi, Kijerumani na Kilatini, lakini ndani ya familia hiyo ni tawi la peke yake, lisilo na lugha nyingine iliyo hai. Hilo lilichukua muda kutambuliwa. Wasomi wengi wa Ulaya waliokisikia walikidhania kuwa mseto wa Kilatini, Kigiriki na Kituruki, mpaka Mjerumani Franz Bopp alipoonyesha mwaka 1854 kwamba sarufi yake na maneno yake ya msingi ni ya Kiindo-Ulaya kwa kurithi, si kwa kuokota kwa majirani. Kilichowapoteza waliomtangulia ni wingi wa maneno ya mkopo. Gustav Meyer, aliyetoa kamusi ya asili za maneno ya Kialbania mwaka 1891, alipitia maneno zaidi ya 5,000 na akaona kwamba yale aliyoweza kuyaita ya kurithi ni kama 400 tu. Mengine yalitoka katika Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho, katika Kituruki, Kigiriki na Kislavi, na mamia kadhaa hakuweza kuyapatia asili. Wanaisimu waliomfuata, akiwemo Norbert Jokl wa Vienna na Eqrem Çabej wa Albania, waliyaongeza maneno ya kurithi kwa kiasi kikubwa, lakini hakuna aliyekana kwamba mikopo ni mingi.

Sisi Waswahili hatupaswi kulistaajabia jambo hilo. Tunahesabu moja mpaka tano kwa Kibantu, sita na saba tunazichukua kwa Waarabu, nane tunarudi nyumbani, na mia na elfu ni za Waarabu tena. Lakini ngeli zetu, viambishi vyetu na mnyambuliko wa vitenzi vyetu ni vya Kibantu, na hapo ndipo lugha hutambuliwa ni ya nani. Mwalbania naye tano yake ni “pesë”, saba ni “shtatë” na kumi ni “dhjetë”, yote maneno ya kurithi, lakini akifika mia husema “qind”, ambayo ni “centum” ya Kilatini. Rafiki kwake ni “mik”, mji ni “qytet”, sheria ni “ligj” na samaki ni “peshk”, yote ya Warumi. Kisha msikilize mama huyo akimtaja dada yake: atasema “motër”. Neno hilo lina asili moja na “mater” ya Kilatini, yaani mama, ila kwa Waalbania limehamia kwa dada. Ni vigumu kudhani kwamba mtu angekopa neno la mama kwa jirani akaenda kumwitia dada yake. Hilo ni la kurithi, na ni la kale sana.

Shida kubwa ya Kialbania ni kwamba kilichelewa kuandikwa. Sentensi ya kwanza tuliyonayo, ambayo tarehe yake haina ubishi, ni ya mwaka 1462, na imo ndani ya waraka ulioandikwa kwa Kilatini na Pal Engjëlli, askofu mkuu wa Durrës, ili wazazi wasioweza kumfikisha mtoto kanisani wajue namna ya kumbatiza wenyewe: “Unte paghesont premenit Atit et birit et spertit senit.” Maana yake ni nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Itazame sentensi hiyo kwa karibu, maana historia ya lugha nzima imo ndani yake. “Birit”, la mwana, ni la kurithi, na ndani ya “premenit” limo neno la jina, “emën”, ambalo ni la kurithi pia. Lakini kubatiza, roho na mtakatifu yametoka Kilatini pamoja na dini iliyoyaleta. Aliyeitoa sentensi hiyo katika makabrasha ya maktaba moja mjini Florence, mwaka 1915, alikuwa mwanahistoria wa Romania, Nicolae Iorga. Napenda sana kulikumbuka hilo kila ninaposikia watu wa mataifa haya wakigombania nani mkubwa wa nani.

Kitabu cha kwanza cha Kialbania tulichonacho, misale ya padri Gjon Buzuku, ni cha mwaka 1555. Kiromania nacho hakikuwahi sana: barua ya kwanza inayojulikana, ile ya Neacșu wa Câmpulung, ni ya mwaka 1521. Maana yake ni kwamba mambo yote ninayokueleza hapa yalitokea karne nyingi kabla ya yeyote kati yao kushika kalamu kwa lugha yake, na ushahidi wetu ni maneno yenyewe.

Sasa tumgeukie kijana. Ni kweli kwamba Kiromania ni mtoto wa Kilatini. Kaisari Trajan wa Roma aliiteka Dakia, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Romania ya leo, ng'ambo ya mto Danube, mwaka 106, na Kaisari Aurelian akaliondoa jeshi na utawala wake huko miaka ya 270. Kusini ya mto huo Kilatini kilikaa muda mrefu zaidi. Lakini ukikipekua Kiromania utakuta maneno ambayo si ya Kilatini, si ya Kislavi, si ya Kihungaria wala si ya Kituruki, na unapoyatafutia wenzi, unaowapata kila mara wako Albania. Kwa hesabu ya wengi maneno hayo ya pamoja ni kati ya 70 na 100. “Gati” na “gata” zako wapo wanaozihusisha na Kislavi, kwa hiyo usizitegemee sana. Shingo na mdomo ulivyosikia ni mali halali ya orodha hiyo.

Nakuomba uyapange maneno hayo kwa maana zake, kwa sababu ndipo mambo yanapofunguka. Zizi la kukamulia kondoo ni “shtrungë” kwa Mwalbania na “strungă” kwa Mromania. Boma la wanakondoo ni “thark” na “țarc”. Mtindi unaobaki baada ya kusukwa siagi ni “dhallë” na “zară”. Kile kitu cha tumboni mwa mwanakondoo kinachogandishia maziwa yawe jibini ni “rrëndës” kwa Mwalbania, na mwenzake wa Kiromania ni “rânză”. Hata ugonjwa wa minyoo ya ini la kondoo una jina la pamoja, “këlbazë” na “călbează”. Kisha kuna mlima wenyewe na vilivyomo: kijito cha mlimani ni “përrua” na “pârâu”, mti mrefu wa jamii ya misonobari ni “bredh” na “brad”, mwiba ni “gjemb” na “ghimpe”, nyoka wa sumu ni “nepërkë” na “năpârcă”. Jioni wanaporudi, meko ni “vatër” na “vatră”, na kofia ya mchungaji ni “kësulë” na “căciulă”. Hutapata humo neno la pamoja la jahazi wala la soko. Utapata mtu mwenye kondoo mlimani, majira ya joto juu na majira ya baridi bondeni, akiwa na jirani mwenye kondoo pia.

Mtu anaweza kusema kwamba maneno husafiri, na kwamba huenda wachungaji wa Albania walipita Romania juzi tu wakayaacha. Sauti zinakataa. Chukua mnyama wa jamii ya nyegere aishiye mashimoni huko Ulaya: Mwalbania humwita “vjedhull”, Mromania “viezure”. Chukua njegere: “modhull” na “mazăre”. Chukua “bardhë”, ambayo kwa Mwalbania ni rangi nyeupe, na “barză”, ambaye kwa Mromania ni korongo, yule ndege mweupe. Palipo na “dh” kwa mmoja pana “z” kwa mwingine, mara kwa mara, na palipo na “ll” katikati ya irabu pana “r”. Ni utaratibu ule ule unaouona ukilinganisha njaa na njia zetu na “njala” na “njira” za Kichewa: Kiswahili kiliidondosha sauti hiyo ya kati katika maneno mengi, si katika moja, na ndiyo maana tunajua si bahati nasibu.

Ile “r” ya Kiromania inatusaidia hata kukisia wakati. Kilatini “solem”, jua, kwa Mromania kimekuwa “soare”. Sauti “l” iliyokuwa kati ya irabu iligeuka “r” katika maneno yote ya Kilatini ya namna hiyo. Lakini maneno ya Kislavi, yaliyoingia baada ya Waslavi kushuka Balkani, ile rasi ya kusini mashariki mwa Ulaya, katika karne ya 6 na ya 7, yameibakiza: huruma kwa Mromania ni “milă”, la Kislavi, na “l” yake imekaa pale pale. Basi ikiwa “viezure” na “mazăre” yamepatwa na badiliko lile lile la “soare”, yalikwisha kuwamo kinywani mwa watu hao kabla ya Waslavi kufika. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika suala zima, na haumhitaji mfalme wala mnara wa kale kuuthibitisha.

Kuna tabaka la pili, ambalo wewe uliye Italia utalifurahia. Lugha hizi mbili zimekitendea Kilatini chenyewe kwa namna moja. Paja la kuku unalolikata kila siku Mwitaliano huliita “coscia”, kutoka “coxa” ya Kilatini. Mromania paja lake ni “coapsă”, na Mwalbania “kofshë”: wote wawili wameipeleka ile sauti ya kooni kwenye midomo, “p” kwa huyu na “f” kwa yule, jambo ambalo Mwitaliano hakulifanya. Kupigana kwa Kiitaliano ni “lotta”, kwa Kiromania ni “luptă”, na kwa Kialbania ni “luftë”, yaani vita. Maana nazo zimehama pamoja. Kilatini “palus” kilikuwa kinamasi, na Waitaliano wa sehemu nyingine hadi leo husema “padule” wakimaanisha kinamasi. Lakini Mromania akisema “pădure” na Mwalbania akisema “pyll”, wote wanataja msitu. Baraza la Warumi, “conventum”, limekuwa “kuvend”, mazungumzo au mkutano, kwa Mwalbania, na kwa Mromania limekuwa “cuvânt”, yaani neno. Hawa ni watu waliojifunza Kilatini mahali pamoja au karibu karibu, wakasikia makosa ya wenzao na kuyafanya kuwa desturi.

Sarufi nitaigusa kwa kifupi, kwa sababu humo wamo pia Wabulgaria, Wamasedonia na, kwa sehemu, Wagiriki. Mwitaliano husema “voglio andare”, nataka kwenda. Mromania husema “vreau să merg” na Mwalbania “dua të shkoj”, nataka niende. Wakati ujao wameutoa katika kitenzi cha kutaka, sawasawa na “-ta-” yetu iliyotokana na taka, na ambayo bado inaonekana nzima tunaposema atakayekuja. Neno la kuonyesha kitu kinachojulikana hukaa nyuma ya jina: mtu kwa Mromania ni “om”, na yule mtu ni “omul”, kutoka Kilatini “homo ille”, yaani mtu yule, kwa mpangilio ambao Mswahili haoni ajabu yoyote, na kwa Mwalbania mlima ni “mal”, mlima ule ni “mali”. Kumi na moja kwa wote wawili ni moja juu ya kumi, “njëmbëdhjetë” na “unsprezece”. Mwaka 1829 Jernej Kopitar, Mslovenia aliyekuwa Vienna, aliyatazama mambo hayo akasema kwamba Balkani ina umbo moja la lugha lililojazwa mali tatu tofauti, ya Kiromania, ya Kibulgaria na ya Kialbania. Elimu yote ya jumuiya za lugha zilizofanana kwa ujirani ilianzia katika maoni ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la swali lako ni kwamba mama na kijana si ndugu wa tumbo moja. Kuhusu jinsi maneno hayo yalivyofika kwa Waromania kuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza husema kwamba wahenga wa Waromania, kabla ya kujifunza Kilatini, walisema lugha iliyokuwa na udugu na mama wa Kialbania, na walipoiacha wakabaki na maneno ya zizini. La pili husema kwamba walikuwa tayari wanasema Kilatini, wakayachukua maneno kwa majirani wachungaji waliokuwa bado wanasema Kialbania cha kale. Mimi nalielemea la kwanza katika maneno kama meko na mdomo, ambayo mtu hayakopi ovyo, na sioni kinachozuia la pili lisiwe kweli pia kwa maneno ya maziwa na maboma.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Waalbania ni wazao wa Wailiria, na mahali pengine kwamba ni wazao wa Wathrakia. Je, nani yuko sahihi, na kwa nini watu wanabishana kwa hasira namna ile? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Iliriko unaifahamu, kwa maana mtume Paulo anaitaja katika Waraka kwa Warumi, sura ya 15, kama mpaka wa safari zake za kuhubiri. Ni upande wa magharibi wa Balkani, unaotazamana na Italia. Wathrakia walikuwa mashariki, na Wadaki kaskazini mashariki. Anayesema Waalbania ni Wailiria ana hoja ya mahali: wako pale pale walipokuwa Wailiria, hakuna kumbukumbu ya maandishi inayosema walihamia wakitoka kwingine, na Ptolemy, mwanajiografia wa kale, katika karne ya 2 alitaja huko watu walioitwa Albanoi. Jina hilo ndilo lililobaki katika “Arbër”, ambalo Waalbania walijiita kabla ya kushika jina la “shqiptar”, na wale waliovukia Italia kuanzia karne ya 15 bado wanajiita Arbëresh.

Anayesema hapana ana hoja ya maneno. Gustav Weigand wa Leipzig katika miaka ya 1920, na baadaye Vladimir Georgiev wa Bulgaria, wote wanaisimu, walisema kwamba watu wa pwani hawakopi jina la samaki, kama Waalbania walivyokopa “peshk”, na kwamba ule uhusiano na Kiromania unawavuta Waalbania wa kale kuelekea mashariki, karibu na Wathrakia au Wadaki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali inakopelekwa. Inaonyesha kwamba waliokuza Kialbania walikuwa watu wa milimani, mbali na ufuko, na milima haianzi Thrakia. Albania na Kosovo zimejaa milima. Mtu anaweza kuwa Mwiliria asiyewahi kushika nyavu.

Kikwazo halisi ni kwamba Kiiliria hakikuacha maandishi. Tunayo majina ya watu na ya mahali, na vineno vichache vilivyotajwa na Wagiriki na Warumi. Tulichonacho kilicho bora ni Kimesapi, lugha iliyosemwa kusini mashariki mwa Italia, ng'ambo ya bahari, yenye maandishi ya mawe yanayohesabiwa kwa mamia, na ambayo wengi huihusisha na Wailiria. Na hapa ndugu yetu wa Bari atege sikio, kwa sababu nchi hiyo ni anayoishi yeye. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa kale, anasema kwamba mji wa Brindisi uliitwa hivyo kwa sababu bandari yake ina umbo la kichwa cha ayala, na kwamba kwa Kimesapi kichwa cha ayala ni “brention”. Ukiitazama ramani utaziona hizo pembe mbili za maji zikiingia nchi kavu, moja kila upande wa mji. Pembe kwa Mwalbania wa leo ni “bri”. Neno moja halijengi ukoo, nalisema hilo kwa uzito wote, lakini kwa pamoja na mahali wanapoishi, linanifanya niamini kwamba anayetafuta wahenga wa Kialbania afanye kazi yake kwanza katika nusu ya magharibi ya Balkani, bara, kabla ya kwenda Thrakia.

Ama hasira, chanzo chake ni ardhi. Katika karne ya 19 na ya 20 kila taifa la Balkani lilitaka kuthibitisha kwamba lilitangulia, ili lidai milima na mabonde kwa haki ya uzawa. Waalbania wakawashikilia Wailiria, Waromania wakawashikilia Wadaki na Trajan kwa pamoja, na mwanaisimu aliyetamka lisilopendeza akaonekana msaliti. Nasikitika, kwa kuwa ile “r” ya “viezure” haimilikishi mtu shamba. Inasema tu kwamba zamani watu hawa walichunga pamoja.

SWALI: Je, Albania ya milima ya Kaukasi, inayotajwa katika historia ya Azerbaijan, ndiko walikotoka? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Hapana. Majina yamefanana tu. Lugha iliyosemwa huko ilikuwa ya familia tofauti kabisa, isiyo ya Kiindo-Ulaya, na jamaa yake aliye hai ni Kiudi, kinachosemwa na watu wachache nchini Azerbaijan.

SWALI: Mwalimu, kwa nini Waalbania wa kusini huandika jina la nchi yao “Shqipëria” na wa kaskazini husema “Shqipnia”? Je, na Waromania wana tofauti kama hiyo? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Mto Shkumbin huigawa Albania katikati. Kaskazini yake husemwa lahaja ya Kigegi, kusini yake Kitoski, na lugha sanifu iliyowekewa kanuni za tahajia mjini Tirana mwaka 1972 ilijengwa zaidi juu ya Kitoski. Alama iliyo wazi ya Kitoski ni kwamba “n” iliyokuwa kati ya irabu imekuwa “r”. Divai, kutoka “vinum” ya Kilatini, ni “venë” kaskazini na “verë” kusini. Jina ni “emën” na “emër”, na sasa unaona kwamba sentensi ya ubatizo ya mwaka 1462, yenye “premenit”, ilitoka upande wa kaskazini.

Maneno ya Kislavi hayakupatwa na badiliko hilo, kwa hiyo Wagegi na Watoski walikwisha kutengana kabla Waslavi hawajawaachia maneno yao. Ama Waromania, wengi wao hawana kitu hicho, lakini kabila dogo la Waistro-Romania, walio katika rasi ya Istria nchini Kroatia, wanacho: wema wa Kilatini “bonus”, ambao kwa Mromania wa Bucharest ni “bun”, kwao ni “bur”. Baadhi ya maandishi ya kale kabisa ya kaskazini mwa Romania yana “r” hiyo hiyo. Wapo wanaofanya haya mawili kuwa jambo moja. Mimi nasita, kwa sababu sauti “n” kugeuka “r” ni jambo linaloweza kutokea mahali pawili bila kuambukizana, na Waaromania, ambao ndio wasemaji wa Kilatini cha Balkani waliokaa karibu zaidi na Watoski, hawana badiliko hilo.

Nimewataja Waaromania, basi niseme neno moja zaidi, kwani wanasahauliwa mno. Hao ni wachungaji na wafanyabiashara wa misafara walioenea Albania, Ugiriki na Masedonia Kaskazini, na lugha yao ni dada wa Kiromania. Mji wao mashuhuri, Moscopole, ambao leo ni kijiji cha Voskopojë karibu na Korçë, ulikuwa na shule na kiwanda cha kuchapa vitabu katika karne ya 18. Mwalimu wa mji huo, Theodor Kavalioti, alichapisha Venice mwaka 1770 kitabu chenye orodha ya maneno zaidi ya 1,000 kwa Kigiriki, Kiaromania na Kialbania, safu tatu zikienda sambamba. Miaka minne baadaye msomi Johann Thunmann aliichapisha upya orodha hiyo Ujerumani, na ndipo wasomi wa Ulaya walipoanza kuziweka lugha hizi pamoja kwa makini. Wa kwanza kuzipanga bega kwa bega alikuwa mwalimu wa shule, katika mji ambapo watoto wa darasa moja walizisikia zote nyumbani na sokoni.

SWALI: Nilikutana na Waalbania kazini huku Ughaibuni, wakasema “dyqan” wakimaanisha duka. Nikashtuka. Je, Kiswahili kilifika Balkani? (Msomaji wa Mombasa, sasa yuko Ujerumani)

JIBU: Kiswahili hakikufika, lakini neno la Kiarabu lilishika njia mbili. Moja lilikuja na pepo za kaskazi mpaka pwani yetu, likawa duka. Jingine lilipitia Kituruki cha Dola ya Osmania, iliyotawala Albania mpaka mwaka 1912, likawa “dyqan”. Kwa njia hiyo hiyo sabuni yetu ni “sapun” kwao na hesabu yetu ni “hesap”. Waturuki hawakuitawala Romania kwa namna ile ile, lakini maneno yao yalivuka Danube vilevile, na mojawapo ni la kumrudishia ndugu yetu wa Bari ajaribu kesho jikoni. Amuulize kijana jambo asilolijua. Kijana atajibu “habar n-am”, yaani sina hata fununu. “Habar” ni neno la Kituruki lililotoka Kiarabu, “n-am” ni sina, na ukiyatafsiri neno kwa neno umesema Kiswahili kitupu: habari sina.